Voli ya kwanza ukiwa bado unapanda wavuni: miguu isimame au iendelee?

KiooChaKulia

Habari zenu wadau wa padel, mchezo wetu wa raketi ndani ya uwanja wa kuta za vioo.

Naomba mnifafanulie kitu kimoja tu, ile voli ya njiani, yaani mpira unaoupiga kabla haujadunda ukiwa bado unapanda. Umeshapiga sevu, au umeshatupa lobu (mpira wa juu wa kuwapita wapinzani kichwani), unapanda wavuni na mpira unakukuta hujafika. Nikishafika na kutulia mita mbili na nusu hivi kutoka wavuni, voli hazinisumbui. Shida ni kati ya mstari wa sevu na pale. Mpira ukija chini ya kiuno naupeleka wavuni. Ukija usawa wa kifua unapaa na kugonga kioo cha nyuma cha wapinzani kabla haujadunda, pointi imekwenda.

Maswali yangu ni haya. Nisimame kabisa kabla ya kupiga, au nipige huku miguu inatembea? Kila kocha ana lake. Voli hiyo niilenge wapi na kwa nguvu kiasi gani? Na baada ya lobu, nitajuaje kwamba hii ni ya kupandia na hii siyo?

Kwa taarifa: mkono wa kulia, nacheza upande wa kulia, mshiko wa nyundo, raketi ya duara gramu 360.

MpiraMzito

Salama mkuu. Makosa yako mawili yanaonekana tofauti ila chanzo ni kimoja: mpinzani anapogonga mpira, miguu yako bado iko kwenye mbio. Mshiko wako ni sahihi na raketi haina neno, kwa hiyo usihangaike na vitu vya kununua.

Tuanze na vipimo maana vinaeleza mengi. Nusu yako ya uwanja ina mita 10 kutoka wavuni hadi kioo cha nyuma. Mstari wa sevu uko mita 6.95 kutoka wavuni, nawe unapiga sevu ukiwa nyuma yake. Nafasi ya kukaa ni mita 2 hadi 3 kutoka wavuni. Kwa hiyo una safari ya mita 4 na kitu, na mrudishaji mzuri hakupi muda wa kuimaliza yote. Wengi wanalazimisha kufika, ndipo mpira unawakuta mguu mmoja hewani. Igawe safari mara mbili. Baada ya sevu piga hatua mbili au tatu za haraka, jipange, piga voli, halafu malizia kipande kilichobaki. Alama ya kuangalia kwa jicho la pembeni ni pale kioo cha ubavuni kinapoishia na waya kuanza. Hapo ni mita 6 kutoka wavuni. Ukipapita kwa hatua moja, moja na nusu, uko mahali pa kujipanga.

Kujipanga ni ule mruko mdogo wa miguu miwili. Tazama raketi ya mpinzani. Inapoanza kuja mbele, nyanyuka. Anapogonga, wewe uwe unatua. Usiruke juu, inatosha daftari jembamba lipite chini ya soli. Tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, miguu imepanuka kuzidi mabega kidogo, magoti yamekunjika. Ukitua mapema unaganda, mpira ukienda pembeni inabidi uanze upya. Ukichelewa, mpira umeshavuka wavu nawe bado uko hewani, na nadhani hapo ndipo ulipo sasa. Mruko huu unafanywa popote ulipofika, hata kama ni mita 6 kutoka wavuni. Akigonga, unatua.

Sasa kwa nini wavuni? Mwili unaokimbia umeinamia mbele. Kiwiliwili kikiinama, bega linashuka, raketi inashuka nalo na uso wake unatazama chini. Mpira unaukuta umeshafika ubavuni kwenye nyonga badala ya kuukuta mbele yako, unaugonga kwa juu, unazama.

Na kwa nini kiooni? Ukiwa unakimbia mita 3 kwa sekunde, hata mkono usipofanya lolote, raketi inakwenda mbele kwa mwendo huo huo. Juu yake unaongeza msukumo uleule uliouzoea ukiwa umetulia wavuni. Mpira unaondoka na kasi ambayo hukuipangia, na uwanja wa padel hausamehe kasi hiyo, maana kioo chao kiko mita 10 tu baada ya wavu na mpira ukikigusa kabla ya kudunda umepoteza.

Mkono wenyewe una kazi ndogo. Raketi ikae mbele ya kifua, kichwa chake kikiwa juu kuliko kifundo cha mkono, na mkono wa kushoto umeshika shingo ya raketi. Mpira ukija kulia, geuza mabega, raketi itajikuta imefika ilipotakiwa. Isipite bega kwenda nyuma. Ukija kushoto, mkono wa kushoto ndio unaoivuta raketi kisha unaiachia. Gusa mpira mbele ya goti la mguu wa mbele, uso wa raketi umefunguka kidogo, na pigo liwe fupi la kutoka juu kwenda mbele, urefu wa kama sentimita 30. Vidole vilegee wakati wa kusubiri, vikaze pale tu mpira unapogusa. Ukikaza tangu mwanzo, mpira unaruka kutoka kwenye raketi kama umegonga ukuta.

Kuhusu kulenga: nyuma ya mstari wao wa sevu kuna ukanda wa mita 3.05 hadi kioo. Mpira udunde humo, ukiwa umekatwa (raketi inapita chini yake ili uzunguke kinyumenyume) na umekwenda taratibu, juu ya wavu kwa nusu mita au zaidi. Voli ya njiani si ya kumaliza pointi. Kazi yake ni kukupa muda wa hatua mbili zilizobaki na kumwacha mpinzani nyuma akiwa ameinama. Piga hesabu: ukiwa mita 5 kutoka wavuni na mpira ukidunda mita 9 upande wa pili, umesafiri mita 14. Ukiupeleka kwa mita 14 kwa sekunde, ni kama sekunde nzima hewani, na bado mpinzani anausubiri utoke kwenye kioo. Ukiupiga kwa kasi maradufu, muda unakatika nusu, halafu kioo kinaurudisha hadi katikati ya uwanja, usawa wa kiuno chake, tayari kupigwa. Mpira wa taratibu uliokatwa unadunda chini na kufia karibu na kioo.

Ukiwa na wasiwasi, peleka katikati yao wawili. Wavu katikati una sentimita 88, pembeni unapanda hadi 92, na anayepiga kutoka katikati ana pembe finyu za kukupita.

Jambo la mwisho, na wengi hawalifikirii: sevu yako ndiyo inayopanga muda wako wa kupanda. Ukiichapa kwa nguvu, mpira unarudi haraka na wewe hujatoka hata mstarini. Sevu ya taratibu, iliyokatwa, inayodunda karibu na mstari wao na kuelekea kioo cha ubavuni, inakupa hatua moja zaidi.

KiooChaKulia

Asante sana MpiraMzito, hapo kwenye kutazama raketi ya mpinzani badala ya kutazama ninakotaka kufika nimeelewa nini kinakosekana. Na ile mipira inayoshushwa kabisa kwenye viatu je? Wapinzani wakijua napanda, wananipa hiyo tu.

Nyavu_Mbili

Hiyo ndiyo chiquita, pigo la polepole linalovuka wavu kidogo tu na kushuka miguuni mwa anayepanda. Watakupa hiyo kila siku, kwa hiyo jifunze kuipokea bila hofu.

Kigezo changu ni goti. Mpira utakaoukuta kati ya goti na nyonga, piga voli. Shusha makalio hadi jicho lako likaribie kimo cha wavu, usishushe kichwa cha raketi peke yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: miguu imesimama wima, kifundo kimevunjika, raketi inaning'inia kama kata ya maji. Kifundo kikivunjika huna udhibiti wa uso wa raketi. Fungua uso zaidi kidogo kuliko kwenye mpira wa kifuani, usukume mpira juu na mbele, na usitafute kasi hata chembe. Unapiga kutoka chini ya kimo cha wavu, kwa hiyo lazima mpira upande kwanza ndipo ushuke. Ukiupiga kwa nguvu utapanda tu, na wao watakuwa wanausubiri.

Mpira utakaoukuta chini ya goti, usiung'ang'anie hewani. Uache udunde, uuokote papo hapo unaponyanyuka. Raketi iwe imeshafika chini kabla mpira haujadunda, uso wake umekaribia kuwa wima, hakuna kuvuta nyuma hata kidogo. Ukiugonga mara tu unapotoka ardhini, kasi yake yenyewe inaurudisha. Wewe unaunyanyua tu kwa urefu wa kiganja. Lenga katikati au mbali kwa mshazari. Mpira huu ukiuchelewesha hadi ufike magotini, umeshakupita.

Kuna mpira wa tatu ambao watu wanausahau: wa kasi unaokuja usawa wa bega ukiwa bado mita 5 au 6 kutoka wavuni. Mara nyingi huo unakwenda kugonga kioo moja kwa moja, au unadunda nyuma kabisa na kutoka kiooni ukiwa mzuri kuuchezea. Ondoa raketi, geuka, uuache. Ukiugusa umewasaidia. Ila ukishafika mita 3, huo unaupiga kwa raha.

Na ukija mwilini kabisa, tumia bekhendi, pigo la upande wa mkono usioshika raketi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, bekhendi inakinga kuanzia nyonga ya kulia hadi bega la kushoto. Nyanyua kiwiko kitoke mbele ya mbavu, uso wa raketi ukae mbele ya kitovu, basi. Ukijaribu forehendi (pigo la upande wa mkono wa raketi) kwenye mpira wa tumboni, kiwiko kinagonga ubavu na mkono unakwama.

Hayo yote yanahusu mpira wa mchezo. Sevu yenyewe hairuhusiwi kupokelewa kwa voli, lazima idunde kwanza. Nimewaona wanaoanza wakiwahi mbele wakati wa kupokea na kupoteza pointi kwa hilo.

MlimaNaMpira

Nakubaliana na MpiraMzito karibu yote, ila kwenye swali la kusimama naomba tusiache mtu aelewe vibaya. Kusimama kabisa, visigino chini, ni kosa jingine. Mruko mdogo unasimamisha mbio, hausimamishi mwili. Ukishatua, bado kuna hatua moja ya kwenda kwenye mpira, na hiyo ndiyo inayobeba uzito. Voli ya forehendi kwa mtu wa mkono wa kulia: mguu wa kushoto unaenda mbele kwa mshazari, unatua karibu sambamba na raketi inapogusa mpira. Bekhendi: mguu wa kulia. Baada ya kugusa, mguu wa nyuma unakuja wenyewe na tayari umeshaanza kipande cha pili cha safari. Mtu aliyeganda anapiga kwa mkono mtupu, mpira unakuwa mfupi, unadunda kabla ya mstari wao wa sevu na kunyanyuka vizuri kwa mpinzani.

Na si kila mpira unastahili breki ileile. Jinsi mpira unavyokuwa chini ndivyo breki inavyokuwa kubwa. Mpira wa polepole unaokuja juu ya wavu kwa nusu mita au zaidi, unaweza kuupiga huku miguu inapita, ukiufuata mbele kabla haujashuka. Hapo kusimama ni kuupa nafasi ushuke chini ya kimo cha wavu. Mpira wa kiunoni, mruko na hatua moja. Mpira wa gotini, mruko na miguu itulie hadi pigo liishe. Nadhani ndiyo maana makocha wako wanaonekana kupingana, kila mmoja anazungumzia mpira wake.

Unapoufuata mpira mbele, kumbuka raketi hairuhusiwi kugusa mpira ukiwa bado upande wao. Ukishaugusa upande wako, raketi inaweza kumalizia pigo juu ya wavu, ila isiguse wavu, wala wewe usiuguse kwa mwili au nguo mpira ukiwa hai.

Wanaocheza Nairobi wazingatie na hili: tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka zaidi. Kanuni zinaruhusu mpira wa mdundo mdogo kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 500. Ukikuta mnatumia mipira ya kawaida, lenga voli ya njiani hatua nzima kabla ya pale ungepalenga Dar es Salaam au Mombasa. Pwani ni kinyume chake. Usiku wenye unyevu mpira unalowa na kuwa mzito, vioo vinatoka jasho, mpira ukigonga kioo unateleza kwenda chini. Huko voli ya taratibu iliyokatwa ni dhahabu.

Sinia_

Nijibu swali la lobu maana limesahaulika.

Usiangalie lobu yako imependeza kiasi gani. Angalia mpinzani anafanya nini na miguu yake. Akigeuka na kukupa mgongo akikimbilia kioo, panda moja kwa moja hadi mita 3, nyote wawili. Akirudi nyuma kwa mshazari, uso ukiwa kwenu, raketi imenyanyuliwa na mkono wa kushoto unaonyesha mpira, anakuja na bandeja: mpira wa juu uliokatwa, wa kina. Hapo pandeni hadi karibu na mstari wa sevu tu, fanyeni mruko anapogonga, kisha amueni. Akiwa amesimama bila kurudi nyuma, lobu ni fupi na anajiandaa kwa smeshi, pigo la nguvu la kutoka juu. Msipande. Rudini karibu na kioo, maana aliyekutwa katikati ya uwanja na smeshi hana jibu, hawezi kuupiga hewani wala kuusubiri kiooni.

Muda unaoupata ndio unaoamua. Lobu inayopanda juu vizuri inakaa hewani sekunde mbili au zaidi, inatosha kutembea hadi wavuni bila kukimbia. Lobu ya chini ya kichwa cha mtu haikupi kitu.

Na msipande mmoja mmoja. Umbali kati yako na mwenzako usizidi mita 4 hivi, na mkae kwenye mstari mmoja. Mmoja akiwa mita 3 na mwingine mita 7, kunatokea njia pana ya mshazari kati yenu na mpinzani yeyote mwenye macho ataitumia. Anayeona vizuri zaidi aseme kwa sauti: "twende" au "baki". Neno moja linatosha, ila lisemwe kabla mpinzani hajagonga.

KiooChaKulia

Nawashukuru wote. Ya mwisho: zoezi gani la kurekebisha miguu? Nina mtu wa kunirushia na kapu la mipira kama 40.

MpiraMzito

Mipira 40 inatosha. Weka alama tatu chini, chupa au vikoni, mita 6, mita 4.5 na mita 3 kutoka wavuni. Mrushaji akae upande wa pili kwenye mstari wa sevu.

Mzunguko wa kwanza, mipira 10 bila raketi. Unaanzia mstari wako wa sevu, unakimbia mbele, mrushaji anarusha kwa mkono muda wowote anaotaka yeye. Mkono wake unapoachia mpira, unatua. Kisha hatua moja, unaudaka kwa mkono wa kulia mbele ya mwili. Ukiudaka ubavuni, umechelewa. Zoezi hili linaonekana la watoto lakini linaonyesha kosa lako papo hapo.

Mzunguko wa pili, mipira 10 kwa raketi, mrushaji anapiga kwa raketi usawa wa kifua, na wewe useme "sasa" kwa sauti kila anapogonga. Sauti na miguu vitue pamoja. Sauti ikitoka wakati mguu mmoja uko hewani, mpira huo haukuhesabiwa hata kama voli imeingia.

Mzunguko wa tatu, mipira 10 yote ya chini, kati ya goti na kiuno. Pima kwa ukanda ule wa mita 3.05: saba kati ya kumi zidunde ndani yake bila kugusa kioo kwanza. Zikiishia wavuni, punguza hatua za kupanda kutoka tatu hadi mbili, usibadilishe mkono.

Mzunguko wa nne, mipira 10 iliyobaki, mchanganyiko: mrushaji aweke chiquita, mpira wa kifuani na wa begani bila kutaja. Hapa kila zamu ni mipira miwili, voli mbili. Ya kwanza ukiwa karibu na chupa ya mita 4.5, ya taratibu, halafu unapanda hadi mita 3 na mrushaji anakupa wa pili. Kama wa pili unakukuta hujafika chupa ya mwisho, voli yako ya kwanza ilikuwa ya kasi mno.

Kamba ya raketi ivae mkononi hata mazoezini, mkiwa wawili karibu na wavu raketi ikichomoka inaumiza. Na badilisha mipira ikishalegea, maana mpira uliokufa utakuficha kosa la kupiga kwa nguvu, utaligundua siku ya mechi kopo jipya likifunguliwa.